Fremu Sitini

Tumo garini, vioo vimejaa ukungu wa pumzi zetu,
kayaki imefungwa juu kwa kamba ya njano,
na kamera, ndogo kuliko kipande cha sabuni,
inanikonyeza kwa taa nyekundu: nikupigie vipi?

Gorazd anasema: weka mia mbili arobaini.
Anataka kila tone lijieleze,
kasia lipande polepole kama mkono wa mtu anayeapa,
maji ya Soča yasimame hewani yakisubiri ruhusa.
Namwambia: mwaka jana ulitaka hivyo hivyo.

Mwaka jana Mama alikaa jikoni, Kobarid,
miwani puani, mikono bado ina unga,
akatazama dakika nne za povu lililochoka kuanguka
na uso uliojaa chenga.
"Huyu anacheka au analia?"
Tukamwambia anacheka.
Hatukujua.

Kwa hiyo leo nabishana na kaka yangu kwa hesabu.
Korongo lile ni jembamba. Jua hupita humo saa sita
kama mgeni aliyeacha teksi inamsubiri nje.
Ukiikata sekunde vipande mia mbili arobaini,
kila kipande kitalamba tone la mwanga, basi,
birika moja la chai kwa msiba mzima.
Ukiikata sitini, kila kimoja kitapata kikombe.
Na hiyo 4K unayoiona ya majivuno
ndiyo itakayonipa nafasi ya kupunguza pembeni,
niyatupe mawe, niitupe miti,
nibaki na macho yako.

"Ishirini na nne basi, kama sinema."
Hapana. Kwa ishirini na nne mto wote utakuwa maziwa yaliyomwagika,
na wewe nzi ndani yake.
"Na kadi?"
Kadi itajaa kwa dakika arobaini.
Betri, kwa baridi hii, haifiki hata huko.
Lakini wewe huhitaji arobaini, Gorazd. Unahitaji sita.

Akacheka, akanikabidhi kamera kama anayelipa deni la zamani.
Nikaibana kwenye pua ya kayaki,
ikimtazama yeye, si mto.
Hilo sikumwuliza.

Yaliyofuata niliyaona kutoka darajani:
kofia nyekundu, povu, kofia, povu,
kisha tumbo la kayaki, jeupe, limeelekea mbinguni.
Moja. Mbili.
Nilikishika chuma cha daraja
na chuma kikanishika.
Tano.
Maji hayakuwa na rangi ya zumaridi hata kidogo;
zumaridi huonwa na watalii.
Nane.
Kasia. Bega. Kichwa. Kikohozi.

Usiku, jikoni, Mama na miwani yake.
Sekunde nane, fremu mia nne na themanini,
na kidole changu juu ya kitufe cha kupunguza mwendo.
Uso umepinduka ndani ya maji ya kijani,
mkanda wa kofia unapepea shingoni,
na kila kitu ni safi, safi kupita nilivyotaka:
hata kovu la kidevuni, la yule jogoo wa jirani.
Midomo inatikisika.

"Anahesabu," Mama akasema.
"Ndivyo alivyohesabu ngazi za ghalani
akiogopa kushuka peke yake."
Gorazd akageukia kabati, akajifanya anatafuta chumvi.
Chumvi ilikuwa mezani.

Kitufe sikukibonyeza.
Nilikuwa nimeweka sitini ili nipate uwezo huo,
wa kuzivuta nane ziwe ishirini,
nikaona nane zilikwisha kuwa ndefu.

Mama akafuta miwani kwa aproni, akaivaa tena.
Rudisha, akasema. Nimwone anavyotoka.
Kwa mwendo ule ule.